Dawa ya Mbegu za Mwarobaini kwa Wadudu wa Mboga: Mwongozo Kamili kwa Wakulima wa Unguja na Pemba

Malalamiko ni yale yale, yatoke Bambi, Dole, Makunduchi au Micheweni: "Nimepulizia mwarobaini na wadudu wanaendelea kula." Ukimuuliza mtu alivyoitengeneza dawa yake, jibu nalo halibadiliki sana. Alichuma majani akayachemsha, akatia majivu kidogo ili dawa iwe kali, akapulizia asubuhi jua limeshapanda, na jioni akaenda shamba kuangalia viwavi wangapi wamekufa.

Kila moja ya hatua hizo inaharibu kazi. Sumu kuu ya mwarobaini kwa wadudu inaitwa azadiraktini, na imejaa zaidi kwenye kiini cha mbegu. Majani yana kidogo tu. Tena ni nyepesi kuharibika. Jua kali huivunja, moto huivunja, na maji yenye majivu au chokaa huivunja. Hatua zote zilizo hapa chini zina lengo moja, kuifikisha azadiraktini kwenye jani ikiwa bado nzima.

La pili ni kujua inavyoua. Kiwavi anayekula jani lenye dawa hukatika hamu ya kula. Halafu homoni inayomwezesha kujivua ngozi ili akue huvurugika, na muda wa kujivua ukifika anashindwa. Hufa baada ya siku kadhaa. Anayetaka kuona wadudu wameanguka chini siku ile ile ataikatia tamaa dawa nzuri bila sababu.

Vifaa vya kutengeneza lita 10

- Viini vya mbegu za mwarobaini, gramu 500. Kama mbegu bado zina ganda gumu, pima kilo 1, kwani ganda huchukua karibu nusu ya uzito.
- Maji safi lita 10, ya mvua ikiwezekana.
- Ndimu 4 au 5, kama maji ni ya kisima.
- Sabuni ya maji, vijiko 2 vya chai.
- Kinu na mchi ambavyo havitarudi jikoni. Uchungu wa mwarobaini hautoki kwenye mti wa kinu kwa kuosha.
- Ndoo 2 za plastiki, moja iwe na kifuniko.
- Kitambaa cha kuchujia: bafta, au kipande cha kanga chakavu kilichokunjwa mara mbili.
- Ungo, mizani, glavu, na bomba la kupulizia lililooshwa vizuri. Bomba lililotumika kwa dawa ya magugu lisiguse mboga.

Lita 10 zinatosha takriban mita za mraba 200 za mchicha. Tungule na bilingani zilizokwisha kusimama zinahitaji zaidi.

1. Hakikisha mti ni wenyewe

Kuna mti mwingine unaofanana na mwarobaini unaoitwa melia, ambao watu huupanda kwa kivuli. Matunda yake ni hatari zaidi kwa binadamu na mifugo, na vipimo vya mwongozo huu havikuwekwa kwa ajili yake.

Tazama jani. Mwarobaini una kijiti kimoja kilichopangwa vijani pande mbili, kila kijani kimepinda kidogo mfano wa mundu na kingo zake zina meno. Kwenye melia, kijiti kikuu hugawanyika tena kuwa vijiti vidogo, ndipo vijani vinapoota. Matunda ya melia hukauka yakabaki yananing'inia mtini kwa muda mrefu. Ya mwarobaini ni marefu kidogo kama punje ya zabibu, yakiiva huwa manjano na huanguka.

2. Okota kwa wakati

Kusanya matunda yaliyoanza kuwa manjano, au yaliyoanguka siku hiyo au jana yake. Mbegu zilizokwisha kumenywa na ndege na popo zinafaa pia, mradi hazijalala chini zikanyeshewa. Fagia chini ya mti kwanza, utandike turubai au jamvi, urudi kila siku. Utakuwa na uhakika kwamba unachookota ni kipya.

Tunda lililokaa kwenye udongo wenye unyevu hushika ukungu ndani ya siku chache. Baadhi ya kuvu hao hutoa sumukuvu, na hiyo humdhuru mtu anayetwanga na kuvuta vumbi lake. Mbegu yenye unga mweusi au wa kijivu itupe, usiihurumie.

3. Toa nyama, kausha kivulini

Siku hiyo hiyo loweka matunda kwa saa chache, kisha yasugue kwa mikono pamoja na mchanga kidogo mpaka nyama yote itoke. Suuza mara kadhaa. Usiyalundike usiku kucha na nyama yake. Lundo hupata joto, huchacha, na viini huanza kubadilika rangi kabla hujavigusa.

Zitandaze mbegu juu ya mkeka au jamvi mahali penye kivuli na upepo, kwa mfano chini ya banda la makuti. Zigeuze mara mbili kwa siku. Siku za kaskazi zitakauka kwa wiki moja hivi. Wakati wa masika hazitakauka kwa urahisi, kwa hiyo zitandaze nyembamba zaidi na uziingize ndani usiku.

Utajua zimekauka ukitikisa moja karibu na sikio na kusikia kiini kikicheza ndani.

4. Hifadhi mahali pa kupumua

Tumia gunia la katani, pakacha au kikapu. Mfuko wa plastiki na dumu lililofungwa vinazuia unyevu kutoka, na ukungu hufuata. Ninginiza juu, mbali na sakafu, mahali pasipofika jua. Andika tarehe kwenye kipande cha karatasi ukifunge kwenye gunia.

Mbegu zilizokaa miezi 3 hadi 8 ndizo zinazofanya kazi vizuri zaidi. Ukizidisha hapo nguvu inashuka, na za msimu wa mwaka juzi zitakuchosha mikono bure.

5. Bangua na ukague rangi

Ponda mbegu kidogo kidogo kwenye kinu, ganda lipasuke tu, kisha pepeta kwa ungo. Maganda yatapeperuka na viini vitabaki.

Sasa kaa kwenye mwanga na uvichambue. Mimi naiona hatua hii kuwa nusu ya kazi yote, na ndiyo watu wanayoiruka. Pasua kiini kwa ukucha. Kizuri kina rangi ya kijani hafifu au hudhurungi nyepesi ndani, kinanata kidogo na kina harufu kali inayokaribia ya kitunguu saumu. Kilichogeuka kahawia iliyokolea au cheusi, au kilichokauka kikawa unga, kiondoe. Ukipasua viini 10 na zaidi ya 3 vikawa vyeusi, tafuta mbegu nyingine.

6. Twanga kwa mkono mwepesi

Pima gramu 500 za viini vilivyochambuliwa. Twanga mpaka upate unga mnene, lakini acha kabla mafuta hayajaanza kung'aa kwenye kinu. Ukitwanga sana, mafuta hutoka na unga hugeuka donge. Donge halichanganyiki na maji, linaziba bomba, na mafuta yakizidi huunguza majani machanga.

Vaa glavu. Kuna ngozi zinazowashwa na mwarobaini, na macho huwashwa zaidi.

7. Shughulikia maji

Hapa ndipo wakulima wengi wa upande wa maweni wanapopoteza dawa bila kujua. Visima vya Makunduchi, Paje, Muyuni na Micheweni vinatoa maji yaliyopita kwenye mawe ya matumbawe. Maji hayo yamebeba chokaa, na azadiraktini haidumu ndani yake. Inataka maji yenye uchachu kidogo.

Kipimo unacho nyumbani. Angalia ndani ya birika unalochemshia maji ya kisima hicho: kama limeshika ukoko mweupe mgumu, au sabuni inasumbua kutoa povu, maji yako ni ya chokaa. Kamulia juisi ya ndimu 4 au 5 kwenye lita 10, ukoroge kabla ya kutia unga. Ukwaju uliolowekwa na kuchujwa unafaa pia. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye pipa la plastiki hayahitaji kitu.

Majivu, chokaa na magadi visiingie kwenye ndoo hii kabisa. Najua mazoea ya kuongeza majivu ni ya siku nyingi, na majivu peke yake yana kazi zake shambani. Ukiyatia kwenye mwarobaini yanageuza maji kuwa yale yale ya maweni, au mabaya zaidi.

8. Loweka kuanzia alfajiri

Vipimo vingi vinasema loweka usiku kucha. Tatizo ni kwamba ukiloweka usiku dawa inakuwa tayari asubuhi, na asubuhi unakwenda kupulizia kwenye jua. Kwa hiyo geuza saa. Loweka saa 11 alfajiri, na saa 11 jioni dawa imetimiza saa 12 na jua linaelekea kutua.

Funga unga kwenye kitambaa, uutumbukize kwenye ndoo ya maji ya kawaida, yasiwe ya moto. Ufinye na kuukamua mara tatu au nne kwa siku. Funika ndoo na uiweke kivulini.

Ikifika alasiri, maji yawe meupe yenye umanjano, kama tui la pili, na harufu iwe kali. Maji yaliyobaki angavu yanaonyesha kwamba viini vilikuwa vibovu au hukuvitwanga vya kutosha.

9. Chuja, halafu sabuni

Kamua kitambaa kwa nguvu, kisha chuja tena kwa kitambaa kingine safi. Chembe moja inatosha kuziba bomba katikati ya tuta.

Tia vijiko 2 vya sabuni ya maji ukiwa tayari kupulizia, siyo kabla. Sabuni inaisaidia dawa kutandaa na kushika kwenye majani, ila sabuni za aina nyingi huyafanya maji yawe kama yaliyotiwa majivu, kwa hiyo zikikaa pamoja muda mrefu dawa inapungua. Kama una sabuni ya mche tu, kwangua gramu 20 na uyeyushe kwenye kikombe cha maji kwanza. Usizidishe. Sabuni nyingi huunguza majani.

Dawa iliyobaki haihifadhiwi. Ifikapo kesho yake ni maji machungu tu.

10. Jaribu mimea michache

Kama ni mara yako ya kwanza, au umebadilisha mbegu, pulizia mimea 5 tu na usubiri siku 2. Majani yakibaki na rangi yake, endelea. Yakiungua kingo au kuwa na madoa, punguza nguvu kwa kuongeza maji nusu ya kipimo. Miche michanga ya matango na tungule ndiyo inayodhurika kwa urahisi zaidi.

11. Pulizia jioni, chini ya majani

Anza baada ya alasiri jua likishalegea, upepo ukiwa umetulia. Kuna sababu mbili. Jua la mchana huimaliza azadiraktini kwenye jani ndani ya siku chache, kwa hiyo usiku wa kwanza ndio wenye faida kubwa kuliko yote. Pia nyuki wameshaondoka kwenye maua ya bamia na matango.

Elekeza bomba juu kutoka chini. Nzi weupe na vidukari hukaa upande wa chini wa jani, na anayepulizia kwa kusimama wima anaosha upande usio na mdudu.

Mchicha una shida yake. Kuna kiwavi mwembamba wa kijani anayekunja jani na kulishona kwa nyuzi kama za buibui. Lifungue taratibu utamkuta amelala humo, na vinyesi vyake vyeusi vimetapakaa kama baruti. Dawa haimfikii akishajifungia. Kwa hiyo mchicha upulizie mapema, majani yanapoanza kuonyesha vitundu vidogo, na yaliyokwisha kukunjwa yachume uyaondoe shambani.

Lenga wadudu wakiwa wadogo. Kiwavi mdogo ana safari kadhaa za kujivua ngozi mbele yake, na kila moja ni mtego. Aliyenenepa akakaribia kugeuka nondo ataumaliza ujana wake kwenye tungule zako.

Hata kantangaze, yule nondo wa tungule ambaye mabuu wake hutoboa njia ndani ya jani, hupungua ukimuwahi. Akishaingia ndani ya tunda, chuma tunda hilo ulifukie.

12. Rudia, na pima

Rudia kila baada ya siku 5 hadi 7. Mvua ikinyesha usiku ule ule, rudia jioni inayofuata. Mara 3 mfululizo ndizo zinazoonyesha matokeo.

Funga uzi kwenye mimea 10 iliyotawanyika shambani. Hesabu viwavi kabla ya kupulizia, kisha siku ya 3 na ya 7, uandike. Macho peke yake yanadanganya, hasa ya mtu aliyechoka.

Siku ya 3 unachotafuta ni majani mapya yasiyo na vitundu. Viwavi unaweza kuwakuta bado hai, wamezubaa, hawajaongezeka ukubwa. Chukua mmoja aliyekufa umtazame kwa karibu: mara nyingi utaona ngozi ya zamani imebaki imeng'ang'ania mwilini, na ganda la kichwa cha zamani limekwama kama kofia juu ya kichwa kipya. Ukimuona huyo, dawa yako ni nzima.

Kama siku ya 7 hesabu haijashuka na majani mapya yanaliwa, rudi hatua ya 5 na ya 7. Hitilafu huwa mara nyingi kwenye kiini au kwenye maji.

Tahadhari za nyumbani

Dawa hii ni salama zaidi kuliko nyingi za dukani, lakini ni sumu. Watoto wasiichezee, na chupa ya soda isitumike kuibebea. Mafuta ya mbegu za mwarobaini yamewahi kudhuru vibaya watoto wachanga waliopewa kwa mdomo, kwa hiyo mbegu na mafuta yake visitumike kama dawa ya kunywa. Mama mjamzito akae mbali na kazi ya kutwanga na kupulizia.

Usioshe bomba karibu na kisima wala bwawa la samaki.

Mboga za majani ziache siku 3 kabla ya kuvuna, na uzioshe vizuri. Sababu kubwa ni uchungu: mteja wa Mwanakwerekwe au Darajani akionja mchicha mchungu leo, kesho atapita meza ya jirani.

Ukikosa mbegu

Tumia majani mabichi kilo 1 kwa maji lita 5. Twanga, loweka saa 12 bila kuchemsha, chuja, tia sabuni. Nguvu yake ni ndogo, kwa hiyo pulizia kila baada ya siku 3 au 4, na uitumie kwa vidukari na viwavi wachanga tu.

Wapemba huuliza sana kuhusu karafuu na makonyo, yaani vikonyo vyake. Zina yujenoli, kile kitu kinachozipa harufu kali, nayo kweli hufukuza na kuua wadudu. Lakini huruka hewani upesi, kwa hiyo faida yake ni kubwa mahali palipofungwa kuliko shambani. Na mafuta ya makonyo, yale yanayokamuliwa kwa mvuke pale Wawi, usiyapulizie kwenye mboga: yujenoli ikiwa kali huunguza majani kiasi kwamba kwingineko hutumika kuulia magugu.

Isipofaa

Nzi wa matunda hutaga mayai ndani ya embe au tango, ambako dawa haifiki. Kwa huyo kazi ni kuokota matunda yaliyoanguka kila siku na kuyafukia kwa kina. Wale wadudu weupe wa unga kwenye mipapai wana nta mwilini inayozuia maji. Mende wakubwa wa kunde wameshamaliza kujivua, hivyo dawa huwapunguzia hamu ya kula tu. Majani yakinyauka kwa ugonjwa wa mizizi, tafuta ushauri wa bwana shamba wa shehia yako au watafiti wa kilimo wa Kizimbani kabla ya kutumia chochote.

Machicha yaliyobaki kwenye kitambaa usiyatupe. Yachanganye na udongo kuzunguka mashina ya tungule na bilingani, ujazo wa konzi moja kwa shina, kisha mwagia maji. Yanasaidia kupunguza minyoo ya ardhini inayofanya mizizi iote vinundu. Na shimo la kuyachanganyia liwe la kina cha vidole viwili tu, mizizi mingi inayonyonya iko hapo juu.